Miaka 22 au 31? Kasi Iliyojificha Ndani ya Kuongezeka Maradufu

Sensa ya Agosti 2022 ilihesabu watu 61,741,120 nchini Tanzania. Ile ya Agosti 2012 ilikuwa imehesabu 44,928,923. Kati ya namba hizo mbili ikatoka takwimu iliyovuma kuliko zote: wastani wa ongezeko la asilimia 3.2 kwa mwaka. Takwimu ya namna hiyo inapotangazwa, swali la pili hufuata papo hapo: kwa mwendo huo, Watanzania watakuwa mara mbili ya walivyo baada ya miaka mingapi? Anayegawa 100 kwa 3.2 hupata miaka 31. Anayetumia kanuni ya watu wa benki hupata miaka 22. Pengo ni miaka 9, na ndani yake mtoto anaanza darasa la kwanza, anamaliza la saba na bado muda unabaki.

Mkanganyiko huo una upande wa pili. Mtu anaambiwa kwamba mji fulani umeongezeka maradufu ndani ya miaka 20, naye anataka kujua kasi yake kwa mwaka. Anachukua asilimia 100, anaigawa kwa 20, anatangaza asilimia 5. Jibu sahihi ni 3.5. Mji unaokua kwa asilimia 5 kila mwaka haungoji miaka 20 ili ufike mara mbili. Muda huo ukitimia, unakuwa umeshafika mara 2.65.

Kuna waliokwishagundua kosa hilo na sasa wanabishana juu ya jambo jingine: badala ya kugawa 100, igawanywe 69, 70 au 72? Na kuna wataalamu wa idadi ya watu wanaoona kwamba mjadala wote huo umekosea njia, kwa sababu hakuna idadi inayokua kwa kasi moja miaka nenda miaka rudi. Kila kundi lina hoja. Uzito wa hoja hizo haulingani hata kidogo.

Kosa la kugawa 100 linatoka wapi

Anayegawa 100 kwa miaka anatumia hesabu ambayo mahali pengine ni halali kabisa. Mwenye kibubu anayetia shilingi 5,000 kila wiki anaongeza kiasi kilekile leo na mwakani. Kwake, kugawa ndiyo njia, maana ongezeko linategemea mkono wake na halitegemei kilichomo ndani ya kibubu.

Watu, madeni, bakteria na uchumi havikui hivyo. Tuchukue kijiji cha watu 1,000 kinachokua kwa asilimia 5. Mwaka wa kwanza wanaongezeka 50. Miaka kumi ikipita, kijiji kina watu 1,629, na mwaka unaofuata wanaongezeka 81, ingawa asilimia haijabadilika. Anayegawa 100 kwa 5 na kupata miaka 20 amechukulia, bila kujua, kwamba watu waliozaliwa baada ya hesabu ya kwanza hawatazaa kamwe. Kwa kijiji hicho maradufu hufika baada ya miaka 14 na ushei.

Kwa hiyo kosa halitokani na uvivu wa kukokotoa. Linatokana na kusahau kwamba asilimia ya mwaka huu hupimwa juu ya jumla ambayo yenyewe imeshakua.

Aljebra yenyewe

Tuite idadi ya mwanzo P, kasi ya ongezeko kwa mwaka r (asilimia 3 ikiandikwa 0.03), na miaka inayohitajika ili idadi iwe maradufu T. Kila mwaka idadi inazidishwa kwa (1 + r). Baada ya miaka T imezidishwa hivyo mara T, na matokeo ni 2P:

P × (1 + r)^T = 2P

P iko pande zote mbili za mlinganyo, kwa hiyo inakatika. Hatua hiyo ndogo ina maana kubwa: muda wa maradufu haujali kama unaanza na watu elfu moja au milioni sitini. Kinachobaki ni (1 + r)^T = 2. Ukitafuta kipeuo cha T cha 2, kisha ukatoa 1, umepata kasi:

r = 2^(1/T) − 1

Kwa miaka 20, kipeuo cha ishirini cha 2 ni 1.0353, yaani asilimia 3.5. Kikokotoo cha simu kinaweza kuitoa ikiwa kina kitufe cha vipeo.

Idadi inapokuwa haijafika maradufu kamili, mambo hayabadiliki sana. Tanzania kutoka 2012 hadi 2022 iliongezeka mara 1.374. Kipeuo cha kumi cha 1.374 ni 1.032, hiyo ndiyo asilimia 3.2. Na ukitaka muda wa maradufu, gawa logi ya 2 kwa logi ya 1.374, kisha zidisha kwa 10: 0.3010 kwa 0.1380, mara 10, ni miaka 21.8. Hapo jibu la 31 linakosa pa kusimama.

Hesabu hii ina umri mrefu. Leonhard Euler aliiweka katika kitabu chake cha 1748 juu ya uchambuzi wa hisabati, alipouliza: ikiwa watu wanaongezeka maradufu kila miaka mia, wanaongezeka kwa kiasi gani kila mwaka? Jibu lake lilikuwa sehemu moja ya 144, yaani pungufu kidogo ya asilimia 0.7. Anayegawa 100 kwa 100 angesema asilimia 1, na angekuwa amezidisha karibu kwa nusu. Katika karne hiyohiyo, Benjamin Franklin mwaka 1751 na Thomas Malthus mwaka 1798 walieneza wazo kwamba wakazi wa makoloni ya Amerika ya Kaskazini walikuwa wakiongezeka maradufu kwa takriban miaka 25. Tukiipitisha 25 katika mlinganyo wetu, tunapata asilimia 2.8 kwa mwaka. Tanzania ya leo inakwenda mbio kuliko nchi iliyomtia Malthus hofu.

Wala mwendo huo haukuanza jana. Sensa ya 1967 ilihesabu watu milioni 12.3. Hadi 2022 ni mara 5.01 ya hapo, yaani maradufu 2.33 ndani ya miaka 55, au maradufu moja kila miaka 23.6. Kasi yake ni karibu asilimia 3, na imedumu kwa zaidi ya nusu karne.

Ubishi wa 69, 70 na 72

Kwa sababu si kila mtu hutembea na vipeuo kichwani, njia ya mkato ilizaliwa mapema. Luca Pacioli, mtawa na mwanahisabati wa Italia, aliitaja kanuni ya 72 katika kitabu chake kikubwa cha hesabu cha mwaka 1494, bila kueleza inatoka wapi: gawa 72 kwa riba, upate miaka ya fedha kuwa maradufu. Geuza, gawa 72 kwa miaka, upate riba. (Wapo wanaoinasibisha na Albert Einstein, ambaye alizaliwa karne nne baadaye.)

Inatoka wapi basi? Logi asilia ya 2 ni 0.693. Kama ongezeko lingeingia kila dakika bila kusubiri mwisho wa mwaka, kasi mara muda ingekuwa 69.3 daima, kwa asilimia yoyote ile. Lakini riba ya benki au ongezeko la mwaka huhesabiwa kwa vipande, na kipande kikiwa kikubwa, namba inayohitajika hupanda. Kwa kasi ya asilimia 2, muda halisi wa maradufu ni miaka 35.0, na 2 mara 35 ni 70. Kwa asilimia 8 muda ni miaka 9.0, na 8 mara 9 ni 72. Kwa hiyo 70 ni namba ya watu na chumi zinazokua polepole, 72 ni namba ya riba za benki, na 69.3 ni ya ukuaji usio na vituo. Sifa ya ziada ya 72 ni ya kivitendo: inagawanyika kwa 2, 3, 4, 6, 8, 9 na 12 bila kubakiza kitu, jambo ambalo mfanyabiashara asiye na kikokotoo hulithamini.

Udhaifu wa ubishi huu ni kwamba mara nyingi hauna cha kugombaniwa. Kwa muda wa miaka 22, kanuni ya 69.3 inatoa asilimia 3.15, ya 70 inatoa 3.18, ya 72 inatoa 3.27, na jibu kamili ni 3.20. Tofauti yote ni ya sehemu ya kumi ya asilimia.

Hata hivyo, nyuma ya ubishi huo mdogo kuna jambo la maana. Zanzibar ilikuwa na watu 1,303,569 mwaka 2012 na 1,889,773 mwaka 2022. Ukihesabu kwa vipande vya mwaka, kasi ni asilimia 3.8. Ukihesabu kwa ongezeko lisilo na vituo, kwa kutumia logi asilia, ni 3.7. Takwimu rasmi ni 3.7, na msomaji aliyepata 3.8 kwenye simu yake anaweza kudhani amekamata kosa la serikali. Hakuna kosa. Njia zote mbili, zikiulizwa muda wa maradufu, zinatoa jibu lilelile: miaka 18.7. Asilimia hubadilika kulingana na njia iliyotumika kuihesabu. Muda wa maradufu unabaki palepale. Hiyo ndiyo nguvu yake kubwa, ambayo watetezi wake husahau kuitaja.

Pale njia ya mkato inapokwama

Muda wa maradufu ukiwa mfupi, mkato unadanganya. Machi 2020, katika nchi kadhaa za Ulaya, idadi ya wagonjwa wa korona waliothibitishwa ilikuwa ikiongezeka maradufu kwa takriban siku 3. Kanuni ya 70 inasema asilimia 23 kwa siku. Mlinganyo kamili unasema 26. Pengo la asilimia 3 linaonekana dogo hadi likae wiki mbili: ukikua kwa 26 unafika mara 25, ukikua kwa 23 unafika mara 18. Mganga mkuu anayepanga vitanda kwa kanuni ya mkato angepungukiwa zaidi ya robo ya anavyohitaji.

Bakteria aina ya E. coli, wakiwa na chakula na joto la kutosha, hugawanyika kila baada ya dakika 20. Ndani ya saa moja ni maradufu tatu, yaani mara nane: ongezeko la asilimia 700 kwa saa. Kanuni ya 70 ingesema 210. Hapo haifai kabisa.

Kwa anayetaka kubaki na karatasi na kalamu, kuna marekebisho yanayosaidia: gawa 69.3 kwa T, kisha ongeza 24 iliyogawanywa kwa T mara T. Kwa siku 3, hiyo ni 23.1 na 2.7, jumla 25.8, jirani sana na 26. Kwa miaka 10 ni 6.93 na 0.24, jumla 7.17, wakati jibu kamili ni 7.18. Kwa miaka 22 sehemu ya pili karibu haionekani, na ndiyo sababu wapangaji wa sensa hawaisumbukii.

Mahali ambapo hesabu hii inawagusa watu wengi zaidi ni kwenye mikopo ya mtaani, ile inayoitwa kausha damu. Chukua mkopo wa shilingi 500,000 kwa asilimia 20 kwa mwezi, ambapo riba isiyolipwa inaingizwa kwenye deni. Anayegawa 100 kwa 20 anaamini ana miezi 5 kabla deni halijafika milioni moja. Kanuni ya 72 inampa miezi 3.6. Jibu kamili ni 3.8. Mwaka ukiisha bila malipo, deni limekaribia shilingi milioni 4.46, wakati hesabu ya mstari ulionyooka ingesema milioni 1.7. Mwenye deni aliyekuwa akikadiria kwa kugawa hakukosea kidogo. Amekosea kwa karibu shilingi milioni 2.8.

Aljebra ileile ni kipimo kizuri cha ahadi. Mtu akisema fedha zako zitakuwa mara mbili ndani ya miezi 3, anadai maradufu nne kwa mwaka, yaani mara 16, na maradufu nane kwa miaka miwili, yaani mara 256. Laki moja inageuka milioni 25.6. Hakuna biashara ya halali ya kuuza chochote inayoweza kuhimili kasi hiyo kwa maelfu ya wanachama. Kinachoweza kuihimili kwa miezi michache ni fedha za wanaoingia nyuma. DECI, mpango wa upatu ulioanguka nchini Tanzania mwaka 2009, ilitumia lugha ya kupanda na kuvuna mbegu, na wengi walioingia walijua kusoma na kuandika vizuri. Kilichokosekana kilikuwa hatua moja ya kugeuza muda kuwa kasi.

Takwimu zinazoingizwa

Mlinganyo ukiwa kamili, bado unategemea namba mbili za kuanzia na kumalizia. Kukosea T kwa mwaka mmoja kunavuruga jibu kuliko kuchagua 72 badala ya 70: kwa miaka 21 kasi ni asilimia 3.4, kwa miaka 23 ni 3.1. Na namba za sensa zina makosa yake. Tuseme, kwa mfano tu, kwamba watu halisi wa 2012 walikuwa zaidi ya waliohesabiwa kwa asilimia 5. Kasi ya 2012 hadi 2022 ingeshuka kutoka 3.2 hadi 2.7, na muda wa maradufu ungerefuka kutoka miaka 21.8 hadi 25.8. Makarani wakiruka kaya za bondeni, miaka minne inapotea.

Mipaka nayo ina ujanja wake. Dar es Salaam ilikuwa na watu milioni 2.49 mwaka 2002 na milioni 4.36 mwaka 2012. Kasi: asilimia 5.6 kwa ongezeko lisilo na vituo. Muda wa maradufu: miaka 12.3. Aliyeamini mwendo huo angetarajia watu milioni 7.7 mwaka 2022. Waliohesabiwa ni milioni 5.38. Kasi imeporomoka hadi asilimia 2.1, na muda wa maradufu umeruka hadi miaka 33.

Je, jiji limeacha kukua? Tazama mkoa wa jirani. Pwani ilikuwa na watu milioni 1.10 mwaka 2012. Mwaka 2022 ilikuwa na milioni 2.02. Hiyo ni asilimia 6.1 kwa mwaka kwa njia hiyohiyo, maradufu kwa miaka 11. Kibaha, Mkuranga na Bagamoyo ziko Pwani kwa mujibu wa ramani ya utawala, ingawa wakazi wake wengi hupanda daladala alfajiri kwenda Kariakoo na Posta. Ukijumlisha mikoa hiyo miwili, idadi ilitoka milioni 5.46 hadi 7.41, kasi ya asilimia 3 na kidogo, karibu sawa na ya taifa. Kwa hiyo simulizi tatu tofauti (jiji limepoa, mkoa umelipuka, eneo linakwenda kama nchi nzima) zinatoka katika sensa zilezile kwa kusogeza mpaka tu. Hakuna kanuni ya 70 wala ya 72 inayoweza kumwambia msomaji ipi kati ya hizo ndiyo ya kupangia mabomba ya maji.

Kasi haikai

Pingamizi zito zaidi linatoka kwa wataalamu wa idadi ya watu. Wanasema muda wa maradufu unachukua kasi ya jana na kuifanya ya kesho, wakati uzazi na vifo hubadilika. Badala yake wao huhesabu kwa marika: wanawake wangapi wana umri gani, watazaa watoto wangapi, watu wangapi watakufa katika kila umri, wangapi watahama. Njia hiyo ni bora. Pia inahitaji data nyingi na dhana nyingi, na mwananchi wa kawaida hawezi kuikagua nyuma ya daftari.

Kenya ni ushahidi wao mzuri. Sensa ya 1969 ilihesabu watu milioni 10.9 na ya 1979 milioni 15.3: maradufu kwa miaka 20 na nusu hivi. Mwishoni mwa miaka ya 1970 mwanamke wa Kenya alikuwa akizaa wastani wa watoto 8.1, kiwango kilichotajwa dunia nzima. Kama mwendo huo ungeshikiliwa kutoka 1979, sensa ya 2019 ingehesabu watu karibu milioni 59. Ilihesabu milioni 47.6. Kati ya hapo wastani wa watoto kwa mwanamke ulishuka. Utafiti wa afya wa 2022 uliukuta uko 3.4.

Lakini ushahidi huo una pande mbili. Kwa miaka 20 ya kwanza utabiri wa maradufu haukukosea sana: kutoka milioni 10.9 mwaka 1969, Kenya ilifika milioni 21.4 mwaka 1989, mara 1.96. Kilichoanguka ni maradufu ya pili. Vijana waliokwishazaliwa wanabeba kasi ya zamani mbele kwa muda, hata kama kila mmoja atazaa wachache kuliko mama yake. Kwa hiyo muda wa maradufu unaaminika kwa umbali wa takriban kizazi kimoja, na kupoteza nguvu baada ya hapo. Tanzania, iliyokuwa na wastani wa watoto 5.2 kwa mwanamke katika utafiti wa 2015-16 na 4.8 katika ule wa 2022, inateremka pia, ila kwa mwendo wa taratibu.

Mwaka 2050, kwa hesabu tatu

Hapa ndipo misimamo inapogongana wazi. Ukiipeleka kasi ya asilimia 3.2 mbele kutoka 2022 hadi 2050, Tanzania inakuwa na watu milioni 149 kwa vipande vya mwaka, au milioni 151 kwa ongezeko lisilo na vituo. Makadirio ya kati ya Umoja wa Mataifa yaliyotolewa 2022, ambayo yanachukulia kwamba uzazi utaendelea kushuka, yanaweka takriban milioni 130. Kutoka kwenye idadi ya sensa, hiyo ni sawa na wastani wa asilimia 2.7 kwa miaka yote 28.

Hesabu ya tatu imejificha ndani ya Dira ya Taifa ya Maendeleo 2050, iliyozinduliwa Julai 2025. Dira inalenga uchumi wa dola trilioni 1 na wastani wa pato la dola 7,000 kwa mtu. Gawa moja kwa jingine: watu milioni 143. Namba hiyo iko karibu na kasi ya sensa kuliko na makadirio ya kati ya Umoja wa Mataifa.

Dira hiyohiyo ni zoezi zuri la kutoka muda kwenda kasi. Dira ilipozinduliwa, uchumi ulikuwa wa takriban dola bilioni 80. Kufika trilioni 1 ni mara 12.5, yaani maradufu 3.64. Zigawe miaka 25 kwa hizo: maradufu moja kila miaka 6.9. Kanuni ya 72 inatoa asilimia 10.5 kwa mwaka. Mlinganyo kamili, 10.6. Uchumi wa Tanzania umekuwa ukikua kwa kati ya asilimia 5 na 6 kwa bei zisizobadilika, kwa hiyo wakosoaji wana haki ya kuuliza pengo litazibwa na nini. Watetezi nao wana haki ya kujibu kwamba lengo limeandikwa kwa dola za wakati huo, ambamo mfumuko wa bei umo, na kwamba thamani ya shilingi ikishikilia, sehemu ya pengo inazibika bila kiwanda kipya hata kimoja. Wote wawili wako sahihi, kwa sababu wanapima vitu viwili.

Kuna utoaji ambao wote huusahau. Uchumi ukikua kwa asilimia 6, unakuwa maradufu kwa miaka 12. Watu wakiongezeka kwa 3.2, kinachobaki kwa kila mtu ni asilimia 2.7, na pato la mtu mmoja linakuwa maradufu kwa miaka 26. Msemaji wa serikali akitaja 12 na mwananchi akahisi 26, hakuna aliyedanganya.

Kupima mizani

Kugawa 100 kwa miaka kunapaswa kuachwa kwa vibubu. Hakuna hali ya idadi ya watu, riba au ugonjwa ambamo njia hiyo inapata jibu zuri, na kadiri ukuaji unavyokuwa wa kasi ndivyo inavyoumiza.

Kati ya 70 na 72 hakuna cha kuamua kwa kasi za kawaida. Mwalimu wa sekondari akifundisha mlinganyo wenyewe na kuonyesha 70 inavyochipuka ndani yake, wanafunzi watapata zaidi kuliko kukariri kanuni mbili zinazoonekana kupingana. Kwa mikopo ya mwezi na milipuko ya magonjwa, kipeuo kamili kitumike, maana hapo mkato hugharimu vitanda na fedha.

Njia ya marika inashinda kwa utabiri wa mbali, na wizara inayopanga shule hadi 2050 haina sababu ya kutumia kitu kingine. Ila inashinda kwa gharama ya uwazi: milioni 130 ni zao la dhana juu ya uzazi wa wasichana ambao leo wako shule ya msingi. Muda wa maradufu hauna dhana nyingi za kuficha. Una moja tu, kwamba kasi haibadiliki, na kila msomaji anaiona. Kwa kusoma yaliyokwishatokea, kulinganisha Pwani na Dar es Salaam au kupima ahadi ya mtoza riba, hauna mpinzani. Unapotajwa, utajwe na kipindi chake na mpaka wake: maradufu kwa miaka 22, kwa mwendo wa 2012 hadi 2022, Tanzania nzima.

Sensa ikifuata mzunguko wake wa miaka kumi, jaribio la kwanza litafanyika 2032. Kasi ya muongo uliopita ikidumu, makarani watahesabu watu karibu milioni 84.8. Ikishuka hadi asilimia 2.7, watahesabu karibu milioni 80.6. Pengo ni la watu milioni 4, karibu idadi yote ya wakazi wa Dar es Salaam mwaka 2012, na shule ambazo sehemu yao watazihitaji inabidi zianze kujengwa kabla ya jibu kupatikana.